Kukandwa: Faida Yake na Mpaka Wake



Maumivu ya mgongo hayachagui kazi. Hamali asukumaye mkokoteni penye mteremko wa feri ya Likoni huyajua. Mgema akweaye minazi Kisauni huyajua. Kuli wa Kilindini akaaye Changamwe huyajua. Na hata karani ainamiaye meza kutwa hasalimiki. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 ulimwenguni waliumwa sehemu ya chini ya mgongo.

Hapa kwetu pwani, tiba ikumbukwayo kwanza ni kukandwa. Mafuta ya nazi hupashwa moto, kitambaa huchovywa katika maji ya moto kikakamuliwa, na mkandaji huchua misuli mpaka ikalegea. Mzazi naye hukandwa katika siku zake arobaini. Desturi hii tumeirithi kwa wazee, wala si ya kudharauliwa. Lakini yafaa tuulize: je, kukandwa huponya, au hutuliza tu?

Mwaka 2015 wataalamu wa jumuiya iitwayo Cochrane walipima majaribio 25 juu ya kukanda mgongo. Waliona kwamba maumivu hupungua kwa muda mfupi, lakini faida hiyo haikuonekana kudumu. Nao wakasema wazi kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitaja kukandwa miongoni mwa mambo yawezayo kumfaa mtu mwenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi, pamoja na mazoezi ya viungo na mafunzo ya kujitunza.

Sababu ya kutulia huko ilielezwa na wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, mwaka 1965. Walisema kwamba habari za maumivu, zikielekea ubongoni, hupita katika uti wa mgongo kana kwamba zapita langoni, na kuguswa kwa ngozi huweza kulifinya lango hilo. Ndiyo maana mtoto akijikwaa hukishika kidole chake akakisugua kabla hajafundishwa na mtu.

Basi mpaka uko wapi? Mkono hulegeza msuli, lakini hauungi mfupa. Mtu aliyeanguka kutoka mnazini asikandwe kabla ya kupigwa picha ya eksirei. Mguu mmoja uliovimba ghafla na kuuma usichuliwe, kwa maana huenda damu imeganda mshipani, na donge likibanduka laweza kufika mapafuni likamwua mtu. Mama mjamzito asikandwe tumbo kwa nguvu kwa nia ya kumgeuza mtoto. Na mtu aumwaye mgongo pamoja na homa, au ganzi miguuni, au kushindwa kuzuia mkojo, asingoje hata kupambazuke. Na aende hospitali iliyo karibu naye, iwe ya Port Reitz au ya Likoni.

Wahenga walisema, mfa maji hukamata maji. Aumwaye humlipa mkandaji leo, akamlipa tena juma lijalo, na huku chanzo cha maumivu kimeachwa palepale. Ukikandwa ukapata nafuu, itumie nafuu hiyo vema: tembea, usilale kitandani siku nzima. Uinuapo mzigo, kunja magoti na uweke mzigo karibu na kifua. Nawe karani, inuka kitini mara kwa mara ujinyoshe. Mambo haya hayana malipo, na faida yake hukaa kuliko ya mafuta.

Wala tusidhani kwamba mkandaji na daktari ni maadui. Mkandaji aliye hodari hujulikana kwa nguvu ya vidole vyake, na zaidi kwa ujasiri wa kumwambia mgonjwa, "Hili si la mikono yangu, nenda hospitali." Mkandaji wa namna hiyo ndiye wa kumwamini.