Rudi Nyuma Hatua Tatu

Sogea karibu. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza anayopewa kila anayetaka kupiga picha nzuri za wanyama na mandhari. Ya pili: amka kabla ya jua. Ya tatu: ondoa kwenye fremu kila kisichohitajika. Na kisichohitajika, ukifuatilia mafunzo yenyewe, karibu siku zote ni mtu au kitu cha mtu: waya wa umeme, bodaboda, mama na mzigo wake wa kuni.

Nimezitii kanuni hizo miaka minne. Ya pili naibakiza. Mbili zilizobaki nazikataa.

Picha yangu iliyosifiwa kuliko zote niliipiga kwetu Ngara, kwenye maporomoko ya Rusumo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukipanda kutoka Mto Kagera. Mjomba ndiye aliyenipeleka kwa pikipiki yake. Katika picha halisi yumo, pembeni kushoto, na koti lake la mvua, ameyapa maji mgongo. Nilimkata. Chuoni wakapiga makofi.

Likizo nikamwonyesha kwenye simu. Aliitazama kwa muda.

"Nzuri. Mimi niko wapi?"

"Nilikutoa kidogo, Mjomba. Ili maji yaonekane."

"Yanaonekana, mjomba," akasema, akanirudishia simu.

Bibi ndiye aliyenieleza jioni ile, tukimenya ndizi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, Kagera ulikuwa ukileta miili ya watu. Mjomba alikuwa na miaka 14. Nyumbani waliacha kula samaki. Yeye hajala hadi leo. Akifika Rusumo, huwa hatazami maji.

Kwa hiyo kile nilichokikata kama uchafu ndicho kilichokuwa picha.

Sisi wa Ngara tunazijua kamera. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 tu, na kambi ya Benako ikajaa. Wapiga picha wakaja, akiwemo Mbrazili mashuhuri Sebastião Salgado. Siwalaumu, dunia ilihitaji kuona. Lakini katika picha nyingi za wakati ule nilizozitazama, Ngara ni mahema, moshi na nyuso. Haina kilima chenye jina.

Kisha, mwaka 2019, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Kamera zinarudi, na safari hii zinataka wanyama peke yao. Kwanza tulikuwa watu wasio na nchi. Sasa tunafanywa nchi isiyo na watu.

Na hao wanyama, umewahi kuwasogelea? Swala wa Burigi si swala wa Serengeti aliyezoea magari. Akisikia injini, anakuonyesha mkia. Woga huo una historia: miaka ya kambi, miti ilikatwa kwa kuni na wanyama wakawindwa kwa nyama. Ukimkimbiza porini ili upate jicho lake kwa karibu, unamtesa mara ya pili, halafu unapata picha inayodanganya kwamba alikuwa ametulia.

Basi ushauri wangu ni huu. Zima injini. Kaa saa mbili. Weka lenzi fupi. Mwache swala awe mdogo, akiwa anakimbia, na barabara, kisiki na moshi wa kijiji vibaki palepale vilipo. Chini ya picha andika mahali, tarehe, na nani alikuonyesha njia.

Mtu atasema mnyama naye anastahili picha yake mwenyewe, bila sisi. Kweli kabisa. Furukombe akitua juu ya mti kando ya Ziwa Burigi, mpe fremu nzima. Ninachopinga ni kumfuta mtu aliyekuwepo, kisha kuuita ufutaji huo "asili". Jicho lililozoezwa kuona mtu anaharibu mandhari halitashtuka siku litakapoambiwa kwamba kijiji nacho kinaiharibu.

Faili la picha ile nilikuwa sijalifuta. Nimeichapa upya, nzima: ukungu, nyaya za mtambo wa umeme wa megawati 80 unaotumiwa na nchi tatu, na Mjomba pembeni kushoto. Nikaituma Ngara kwa basi.

Ameitundika sebuleni, karibu na kalenda. Bibi anasema kila mgeni huuliza kwa nini yule mtu hatazami maporomoko, na Mjomba, ambaye hakuwahi kunisimulia mimi, huvuta kiti.