Iliwahi Kuvuta Si Inaweza Kuvuta

Ndiyo, ilivuta. Nalisema mapema ili anayesubiri kusikia kwamba video ile ilichezewa asipoteze muda wake hapa. Julai 2019 kampuni ya Ford ilionyesha pikapu ya majaribio ya F-150, inayotumia umeme, ikivuta mabehewa 10 ya ghorofa mbili yaliyopakiwa pikapu nyingine 42. Mzigo wote ulitajwa kuwa pauni milioni 1.25, yaani kama tani 567. Pikapu ikaenda nao zaidi ya futi 1,000, mita 300 na kitu.

Ugomvi wangu hauko kwenye video. Uko kwenye neno tunalolichota humo: "inaweza". Majuzi wenzangu wa darasa la uzamili, wahandisi wenye hesabu nzuri kuliko zangu, walikuwa wakirushiana video hiyo kwenye simu na kuandika kwamba pikapu inaweza kuvuta treni ya mizigo. Mmoja akaongeza kwamba vichwa vya treni sasa vitafute kazi nyingine. Mimi nasema haiwezi. Iliwahi kuvuta, na hayo ni mambo mawili.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma karibu halibonyei kabisa. Tairi la mpira hubonyea kila linapozunguka, na kila kubonyea kunakula nguvu. Ndiyo maana kwenye reli tambarare na iliyonyooka, tani moja ya mzigo ikishaanza kutembea hudai mvuto wa kilo moja hadi mbili tu. Tani hiyohiyo ikiwa juu ya lori barabarani hudai kilo sita hadi kumi. Zidisha 567 kwa mbili: kilo 1,134. Pikapu ya tani tatu, magurudumu yote manne yakisukuma kwenye lami kavu, hutoa mvuto wa karibu tani mbili kabla tairi hazijaanza kuteleza. Kwa hiyo hakuna muujiza hapo. Kama kuna wa kupigiwa makofi, ni reli.

Sasa iinue reli hiyo kidogo. Mita moja tu kwa kila mita 100, mwinuko ambao ukiutembea kwa miguu huenda usiutambue. Kila tani sasa inadai kilo 10 zaidi, na jumla inakaribia tani saba. Pikapu yenyewe haina hata nusu ya uzito huo. Ifunge mota ya ukubwa wowote unaoutaka. Tairi zitazunguka palepale na kutoa moshi. Kisha mabehewa yaliyokuwa yakivutwa yataanza kuivuta pikapu.

Hilo nililijua kabla sijafundishwa fizikia ya chuo. Nilipomaliza kidato cha sita, nikisubiri matokeo, baba yangu mdogo alinichukua niwe utingo wake kwenye lori la Dar es Salaam hadi Mbeya. Lori halikuwa lake. Kabla ya safari alimwambia tajiri kwamba klachi inateleza na breki za tela si za kuaminiwa. Nilikuwepo. Tajiri hakukasirika, hakutukana. Aliuliza tu, "Si lilipanda juma lililopita?"

Kwenye mlima wa Kitonga, katikati ya kona, klachi ilikataa. Lori lilisimama, likatulia kidogo, kisha nikaliona likianza kurudi. Nyuma yetu kulikuwa na basi limejaa abiria. Niliruka na kabari, nikaisukuma chini ya tairi la tela. Tairi likaipanda nusu, likasimama. Baba mdogo aliposhuka alinitazama mikono kwanza.

"Umeumia, mwanangu?"

"Hapana, baba mdogo."

"Basi tafuta mawe uongeze. Kushika mara moja hakutoshi."

Sijapata mhadhara wa uhandisi uliofupishwa vizuri kuliko huo.

Nchi hii haihitaji kukumbushwa kwa mifano ya mbali. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani, breki zikashindwa kuizuia, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Ukikumbuka Igandu, swali la nani anavuta kiasi gani linakuwa dogo sana. Swali kubwa ni nani anashikilia.

Watu wa reli walilijua hilo zamani. George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo mwaka 1869, na baada ya muda treni zikawa na breki kwenye kila behewa, zikiunganishwa kwa bomba moja toka mbele hadi nyuma. Kichwa cha treni hakiachiwi kazi ya kusimamisha mzigo wote peke yake. Ukifunga pikapu ya kawaida mbele ya mabehewa hayo, umeunganisha ndoano. Bomba la upepo hujaliunganisha. Kwenye tambarare, mwendo wa polepole, utasalimika. Toa mojawapo ya masharti hayo, kisha tuzungumze tena.

Mtaniambia ni tangazo tu, ni burudani, nisiharibu raha za watu. Sawa. Lakini mtazameni mwenye tangazo. Ford wenyewe walionya kwamba lilikuwa onyesho fupi la mara moja, lililozidi mbali uwezo wa gari lolote wanalouza. Pikapu ya umeme ilipofika sokoni mwaka 2022 kwa jina la F-150 Lightning, uwezo wa juu wa kuvuta ulioandikwa ulikuwa pauni 10,000, tani nne na nusu. Onyesho lilikuwa la tani 567, zaidi ya mara 120. Kampuni ilipolazimika kuandika namba ambayo mteja angeitegemea siku ya mvua, akiwa na watoto kiti cha nyuma, haikuandika treni. Mtengenezaji anakubaliana nami. Mnaombishia mtengenezaji ni nyinyi.

Na hapo ndipo raha yenu inaponitia hofu. Baada ya mwaka mmoja au miwili, wengi wetu tutakuwa tunatia saini karatasi zinazosema daraja hili linafaa, gari hili lirudi barabarani, behewa hili liunganishwe. Mtu aliyezoea kuhesabu onyesho kuwa ushahidi atasaini kwa sababu jana lilipita. Hatakuwa mwovu. Yule tajiri hakuwa mwovu. Aliona lori likipanda kwa macho yake, kama mlivyoiona pikapu ikivuta kwa macho yenu, na akaona inatosha.

Kwa hiyo ukiulizwa, jibu kwa ukamilifu: kwenye tambarare, polepole, mara moja, ilivuta. Usikate sentensi hiyo hata neno moja. Kisha uliza wanakusudia kuipitisha njia gani, na kama kuna mlima, uliza kabari iko wapi.