Mtoto Akivimba Taya, Usimfiche

Ndugu msomaji, ukisikia kwamba wako wataalamu wanaochunguza uvimbe wa samaki, utasema nini? Huenda utasema, "Hao hawana kazi." Mimi nasema wanayo kazi, tena inatuhusu sisi wa Same na milima ya Upare.

Katika bahari ya Florida, Marekani, wako samaki wadogo wanaoota uvimbe wa saratani, yaani kansa, kwenye mishipa ya fahamu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Miami walichukua uvimbe wa samaki mgonjwa, wakamdunga samaki mzima. Naye akaota uvimbe. Wakaona pia dalili za kitu kama kirusi. Kirusi ni kijidudu kidogo sana, hakionekani kwa macho.

Je, kirusi chaweza kusababisha saratani kwa binadamu? Ndiyo. Jambo hili lilijulikana kwa kuwachunguza watoto wa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za watoto waliovimba mataya. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000, akapita na Tanganyika, akiuliza kila hospitali. Akaona kuwa ugonjwa huo uko tambarare, penye joto na mvua. Milimani penye baridi ni nadra. Mwaka 1964 wataalamu wa London wakakiona kirusi katika uvimbe uliotoka Uganda.

Lakini elewa vizuri. Wengi wetu tunacho kirusi hicho tangu utotoni, wala hatuugui saratani. Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mwili wa mtoto. Hapo saratani hupata nafasi.

Kwa hiyo nina maneno matatu.

Kwanza, usimtenge mgonjwa. Hatudungani uvimbe kama wale samaki. Kumlisha, kumwogesha na kulala naye hakukupi saratani.

Pili, tupigane na malaria. Kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za tambarare ya Upare na Taveta zilipuliziwa dawa, malaria ikapungua sana. Leo tunavyo vyandarua vyenye dawa. Chandarua ni cha kulalia mtoto, si cha kuzungushia banda la kuku.

Tatu, taya la mtoto likivimba, usiseme ni jino tu ukangoja. Wala usimpeleke kuchanjwa kwa wembe. Uvimbe huu hukua upesi sana. Mpeleke zahanati mara moja. Wao watamwandikia kwenda Hospitali ya Wilaya Same, au KCMC Moshi. Dawa zipo, na watoto wengi wanaowahishwa hupona.

Samaki hana wa kumpeleka hospitali. Mtoto wako anaye. Ni wewe.