Kikohozi cha mwanamke mvutaji kisipuuzwe

Humu nchini, sigara huhesabiwa kuwa jambo la wanaume. Takwimu zaunga mkono dhana hiyo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba wanaume wapatao 15 kati ya kila 100 walikuwa wakivuta sigara, ilhali miongoni mwa wanawake hakufika hata mmoja kati ya 100. Lakini uchache huo ndio unaowaponza wanawake wanaovuta. Wao huvuta kwa kujificha, na daktari naye hafikirii kuwauliza.

Hilo ni kosa kubwa, kwa maana kuna ushahidi kwamba mapafu ya mwanamke hudhurika upesi kuliko ya mwanamume anayevuta idadi sawa ya sigara. Kwa kawaida njia za hewa za mwanamke ni nyembamba, hata akiwa na mapafu yenye ukubwa sawa na ya mwanamume. Zikivimba kidogo tu kwa sababu ya moshi, hewa hupita kwa taabu.

Madhara yenyewe huanza mapema. Mwaka wa 1996 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wavulana na wasichana wapatao 10,000 wa umri wa miaka 10 hadi 18 katika miji sita. Wasichana waliovuta sigara tano au zaidi kwa siku, ukuaji wa nguvu za mapafu yao ulipungua kwa asilimia 1.09 kwa mwaka wakilinganishwa na wasichana wasiovuta. Kwa wavulana upungufu huo ulikuwa asilimia 0.20 pekee. Ni kweli kwamba si kila uchunguzi umepata tofauti kubwa kiasi hicho, lakini onyo limetolewa.

Nani atamgundua mgonjwa huyu? Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2001, madaktari 192 wa Marekani na Kanada walipewa maelezo ya mgonjwa wa kubuni, mvutaji aliyekuwa akikohoa na kuishiwa pumzi. Maelezo yalikuwa yale yale, ila wengine waliambiwa ni mwanamume na wengine mwanamke. Alipokuwa mwanamume, ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa ulitajwa mara nyingi zaidi. Alipokuwa mwanamke, wengi walidhani ni pumu. Tofauti hiyo ilipungua madaktari walipoonyeshwa matokeo ya kipimo cha kupuliza mashine.

Ikiwa mambo ni hivyo katika nchi ambako wanawake wanaovuta ni wengi, hali ikoje hapa kwetu? Mama akija na kikohozi kisichokwisha atapimwa kifua kikuu, na hilo ni jambo jema. Huenda pia akaulizwa kuhusu moshi wa kuni na makaa. Lakini swali la sigara hurukwa, eti kumwuliza mwanamke mwenye heshima zake ni kumtusi. Heshima ya namna hiyo humrudisha nyumbani na dawa isiyomfaa.

Maoni yangu ni kwamba kila mgonjwa anayekohoa, awe mume au mke, aulizwe kama anavuta, tena aulizwe faraghani na bila kukaripiwa. Mwanamke akiogopa kwamba mumewe au mama mkwe atasikia, hatasema kweli. Na akishasema kweli, apelekwe kupuliza mashine ya kupima nguvu za mapafu badala ya kukisiwa.

Kuna habari njema pia. Uchunguzi mwingine wa Marekani na Kanada, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2003, uliwafuatilia wavutaji wa makamo ambao mapafu yao yalikuwa yameanza kudhoofika. Katika mwaka wa kwanza baada ya kuacha, nguvu za mapafu ya wanawake ziliongezeka kwa kiwango cha mara 2.5 ya wanaume. Yaani yule anayeumizwa zaidi ndiye pia anayefaidika zaidi akiacha.

Kwa hivyo dada unayevuta kwa siri, usingoje hadi ngazi za nyumbani zikushinde. Mwambie daktari wako ukweli wote, hata kama hakukuuliza. Nao madaktari wetu wasingoje kuambiwa.