Dubu hajawahi kukanyaga Lindi, miguuni mwa watoto wetu anatafuta nini?

Najua nimepotea wiki mbili nzima, madesa yamenizidi na semista ndo hiyo inaelekea ukingoni. Leo siongelei bumu wala foleni ya kafeteria. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa viatu vya kroshia vya watoto wachanga. Cheka ukishamaliza kusoma.

Wanaonijua wanajua kwamba mimi na sindano ya kroshia ni kama daladala na konda wake. Nimeanza kufuma tangu sekondari, na hapa hosteli kuna watu wanalalia mito niliyoifumia mimi. Sasa semista hii mambo yamegeuka, kila mtu anataka viatu vya kichanga vyenye sura ya mnyama. Dada zetu wanajifungua, wifi zetu wanajifungua, na kila anayekuja ananyoosha simu ana picha kaitoa kwenye intaneti. Picha yenyewe ni ile ile! Dubu. Dubu mweupe. Panda. Dubu tena, ila huyu kafungwa tai. Nimepokea maombi 11: manane dubu na panda, mawili sungura, moja simba. Na katika hao 11, sita ni watu wa kwetu kabisa, wa Lindi na Kilwa!

Mi nasema imetosha. Mtoto anayezaliwa Kivinje, Masoko, Somanga, Mchinga au Lindi mjini, mnyama wa kwanza kukaa miguuni mwake awe wa kwao. Hiyo ndo hoja yangu yote, mengine ni kuitetea tu.

Tuanze na huyo dubu mwenyewe, manake watu wanadhani kashuka kutoka mbinguni. Afrika nzima leo hakuna dubu wa porini hata mmoja. Umaarufu wake wa kuwa mdoli ulianza mwaka 1902, pale Theodore Roosevelt, rais wa Marekani, alipokwenda kuwinda Mississippi. Wenyeji wake wakamkamata dubu, wakamfunga kwenye mti, wakamwambia mheshimiwa piga. Akakataa, akaona si uungwana kumpiga mnyama aliyefungwa. (Ila aliamuru dubu amalizwe ili asiteseke, hilo wengi hawalisemi.) Gazeti likachora katuni, muuza duka mmoja wa Brooklyn akatengeneza mdoli akampa jina la utani la rais, na Ujerumani nako kiwanda cha Steiff kikatoa wa kwake. Dunia nzima ikalala na dubu kitandani.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwaka 1909 Roosevelt huyo huyo, urais kaumaliza, akashuka meli Mombasa akaingia Afrika Mashariki na bunduki. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama wakubwa 512. Dubu mmoja kamwonea huruma, kawa mdoli wa watoto wa dunia. Wa kwetu 512 wameenda kuwa ngozi na mifupa ya makumbusho. Halafu leo sisi ndo tunamfuma dubu wake kwenye miguu ya watoto wetu, tena tunanunua uzi kwa hela yetu. Hivi kweli jamani?

Na mwaka huo huo wa 1909, kilomita kama 60 kutoka Lindi mjini, kwenye kilima cha Tendaguru, Wajerumani walianza kuchimba. Walichimba mpaka 1913. Wakatoa mifupa ya wanyama walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita, zaidi ya tani 200, na haikusafirishwa kwa treni wala lori. Ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, kwa miguu, siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Hao ni babu zetu, wametoka kwenye vita vya Majimaji vilivyokwisha 1907, njaa ya vita bado wanaikumbuka. Mjusi wao leo amesimama Berlin, mita 13 na ushee kwenda juu, watu wanalipa kiingilio kumwangalia. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan, yaani twiga jitu. Bungeni kwetu suala la mifupa hiyo limeulizwa zaidi ya mara moja, na mjusi bado yuko huko huko.

Sasa we niambie. Mnyama mkubwa kiasi hicho katoka wilayani kwenu, kabebwa na babu zenu, halafu umemfuma wapi? Kwenye kofia? Kwenye shuka? Kwenye kiatu cha mtoto? Hakuna! Tunalalamika Wajerumani hawamrudishi, na hata sisi wenyewe hatujamrudisha kwa uzi.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote chumbani, kwenye korido na kwenye foleni ya bafu. Tuyapitie.

La kwanza: "Mjusi? Umvalishe mtoto mjusi kafiri?" Huyu ni mwenzangu wa chumbani, na alisema kwa sauti mpaka majirani wakafungua mlango. Bibie, mjusi kafiri ni yule anayekula mbu ukutani kwako. Wa Tendaguru tumempa jina la mjusi kwa kukosa jina jingine. Alikuwa mla majani, shingo ndefu, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mpole kwa kumwangalia. Dubu ndo ana kucha na anararua watu. Mmezoea tu kumwona akicheka kwenye picha.

La pili: "Wanyama wetu hawapendezi, hawafumiki." Uongo mtupu. Kiatu cha kichanga ni kile kile, uwe unafuma panda au ngamia. Unaanza na mnyororo mfupi, unauzunguka mpaka upate soli yenye umbo la yai, unapandisha kuta safu tatu nne bila kuongeza, halafu unapunguza pale mbele kwenye vidole. Mpaka hapo hakuna mnyama. Mnyama anaingia mwishoni, ni masikio, mkia, rangi na macho. Sasa kama unaweza kubandika masikio mawili ya duara ukasema ni dubu, unashindwaje kusimamisha kishingo kirefu mbele, kichwa kidogo juu, mkia nyuma ya kisigino, ukasema ni mjusi wa Tendaguru? Mimi nimefuma, ametoka vizuri kuliko panda. Nyuzi za kushindilia shingoni ni mabaki ya kazi nyingine.

Na si mjusi peke yake. Kuna silikanti. Nani anamkumbuka? Samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka zaidi ya miaka milioni 60, mpaka mmoja akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu Tanzania wa kwanza kuandikwa alivuliwa Songo Mnara, Kilwa, Septemba 2003. Songo Mnara ile ile ya magofu tuliyokwenda na shule! Rangi yake ni bluu iliyokoza yenye madoa meupe, yaani kama vile Mungu kamuumba kwa ajili ya wafumaji. Mapezi yake yana nyama, yametokeza kama vimiguu. Samaki mwenye vimiguu, kwenye miguu ya mtoto ambaye bado hajatembea. Unataka nini zaidi?

Kuna kasa, gamba la kijani na kahawia juu ya vidole, makasia mawili pembeni. Kuna pweza wa Songosongo, mikia yake unaifuma mnyororo unaujaza mpaka ujisokote wenyewe. Na kabla hamjasema pweza si wa watoto, Denmark tangu 2013 watu wa kujitolea wanafuma pweza wa pamba kwa ajili ya watoto njiti, wakiamini mtoto akishika ile mikia anaifananisha na kitovu. Wadenmark wamemwona pweza anafaa, sisi tunaomla kila jioni tunaona aibu.

Sungura simgusi. Huyo ni wa kwetu, hadithi zote za bibi kazijaza yeye. Ila mfume sungura mjanja, si yule wa rangi ya waridi anayelia lia.

La tatu, hili nalipokea kwa adabu: wapo wanaosema sura ya mnyama kwenye nguo ya mtoto haifai kidini. Anayeona hivyo namheshimu na namfumia ya mistari, tena namwekea na kofia yake. Lakini kama sura haifai, basi na dubu haifai. Siwezi kuelewa mtu anayepitisha panda halafu akifika kwenye kasa ndo anakumbuka msikiti.

La nne: "Kilwa joto lote hilo, viatu vya kufuma vya nini?" Hapa kuna ukweli nusu. Ule uzi mzito wa plastiki wa kufumia sweta ni adhabu kwa mtoto wa pwani, nao nimeuacha. Tumieni pamba. Ila msidanganyike kwamba kichanga hasikii baridi kwa sababu wewe unatoka jasho. Mtoto mchanga anapoteza joto haraka, hasa akizaliwa chini ya kilo 2 na nusu. Ile huduma ya kangaruu, mtoto kulazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, na mtoto anakaa hapo na nepi, kofia na soksi. Utafiti uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ukatoka mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto wenye uzito mdogo walioanzishiwa huduma hiyo mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao katika siku 28 za mwanzo vilipungua kwa robo. Kilichookoa ni kifua cha mama, si kiatu changu, sitaki kujisifu. Ila soksi ya pamba usiku wa kusi mwezi wa saba si urembo. Na macho ya mnyama mshone kwa uzi, msiweke vifungo wala shanga, kifungo kikichomoka kinaishia kooni.

La tano ni la wasomi wetu wa sosholojia: "Kroshia yenyewe ni ya wazungu, kwa hiyo acha dubu aje na kroshia yake." Sindano walileta wao, sikatai. Uzi je? Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick miaka ya 1960, walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Ni vizito vya kusokotea uzi wa pamba. Yaani watu wa Kilwa walikuwa wanasokota pamba yao kabla Mreno hajatia nanga 1500. Na mwaka 1905 kule Nandete, milima ya Umatumbi, Majimaji ilianza kwa watu kung'oa miche ya pamba. Hawakuichukia pamba. Waliikataa pamba ya kulazimishwa. Kuchagua ufume nini ni jambo ambalo watu wa kwetu wamelipigania.

La mwisho ni la rafiki yangu wa kweli, na ndilo gumu: "Kiatu cha kroshia hakitamrudisha mjusi, wala hakitamwokoa nguva." Kweli kabisa, hakitamwokoa. Nguva waliobaki pwani yetu ni wachache mno, wengi wao kati ya delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na wanakufa kwenye majarife. Lakini muulize mwanachuo yeyote hapa nguva ni nini. Atakwambia ni nusu mwanamke nusu samaki, ni jini, anavuta watu majini. Muulize panda anakula nini, atajibu mianzi bila kufikiri. Hayo tumeyajua wapi? Kwenye vitu tulivyovalishwa na kuchezea kabla hatujajua kusema. Mtu hawezi kumlilia mnyama asiyejua kama yupo. Mtoto atakayekua akiambiwa "hivi ulivaa ulipozaliwa, huyu ni nguva, anakula nyasi za baharini pale mbele" atakuwa amewazidi wasomi wote wa korido yangu.

Halafu kuna kitu nimejifunza kwenye mjusi. Mjerumani aliandika majina yake kwenye mifupa, lakini yapo mawili yaliyoponyoka. Mwaka 2007 mmoja wa wanyama wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani, msimamizi wa vibarua. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na Mohammadi Keranje aliyeongoza uchimbaji wa mifupa hiyo. Zaidi ya miaka 90 imepita ndo wanasayansi wa kigeni wakawakumbuka. Sisi tunasubiri nini?

Kwa hiyo tangazo rasmi, kuanzia leo orodha yangu ni hii: mjusi wa Tendaguru, silikanti, kasa, pweza, nguva, kiboko, na sungura mjanja. Pamba tupu, macho ya uzi. Dada yangu anajifungua mwezi ujao Masoko, jozi yake ya silikanti imeshaisha, madoa 14 kila mguu. Anayetaka dubu duka lipo, namtakia kila la heri.

Nawasilisha.