Bekapu moja kubwa si bekapu, ni kamari

Miezi michache iliyopita nilipigiwa simu na mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba. "Kijana wangu, bado uko na ile video ya ruracio ya msichana wangu?"

"Iko, mama. Wewe tulia," nikamjibu bila hata kufikiria.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia mzee wake amefariki wiki iliyopita. Familia ilikuwa inatafuta mahali popote ambapo sauti yake inasikika. Wakakumbuka kwamba siku ile ya ruracio mzee alisimama akaongea karibu dakika kumi, akachekesha watu mpaka wageni wakasahau wamekuja kubishana kuhusu mbuzi. Kamera ilikuwa moja tu siku hiyo, na ilikuwa yangu.

Sikuwa na presha. Ni kweli diski ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa miezi minne kabla, lakini mimi si mshamba, nilikuwa na bekapu. Faili moja ya zipu, GB 180, imelala kwa diski ya nje ndani ya droo. Nikaichomeka, nikabofya. Mashine ikawaza, ikawaza tena, kisha ikaniambia faili imeharibika.

Nikajaribu tena. Nikaipeleka kwa fundi mjini. Akatoa picha kadhaa za harusi ya watu wengine. Video ya mzee haikupatikana.

Wacha niseme ukweli kuhusu hiyo bekapu, kwa sababu najua wengi wenu mnayo kama hiyo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama. Pesa kidogo niliyobaki nayo nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba pale Luthuli, RAM GB 4, diski ya zamani ya kuzunguka. Mashine hiyo ndiyo imenilisha. Imehariri harusi, mazishi na matangazo ya saluni za mtaa. Lakini ni mzee, ukifungua vitu viwili kwa wakati mmoja inaanza kupumua kwa shida.

Siku moja nikaamua niwe mtu wa mpangilio. Nikachukua kila kitu nilichokuwa nacho, nikakibana kuwa faili moja. Nilianza saa tatu usiku, ikamaliza saa tano asubuhi. Saa 14! Na unajua niliokoa nafasi kiasi gani? GB 184 zikawa GB 180. Sikujua kwamba picha za JPEG na video za MP4 tayari zimebanwa tangu zitoke kwa kamera. Kuzibana tena ni kama kukamua nguo iliyokauka.

Jioni nikaanza kuinakili kwa diski ya nje. Katikati stima zikapotea. Ziliporudi nikaona faili iko pale, imeandikwa GB 180 kamili, nikajua imeingia yote. Kumbe Windows inaweza kutenga nafasi yote ya faili mwanzoni, kabla vitu vyenyewe havijaisha kuingia. Ukubwa ukawa wa kweli, yaliyomo yakawa nusu. Mbaya zaidi, orodha ya vilivyomo ndani ya zipu huandikwa mwishoni mwa faili. Mwisho ukikosekana, kompyuta haijui hata ianzie wapi. Mimi nikafuta ile zipu iliyobaki kwa mashine ili nipate nafasi, nikalala usingizi wa mtu aliyejipanga. Sikuwahi kuifungua hata siku moja.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: bekapu moja kubwa, iliyotengenezwa mara moja na ambayo haijawahi kufunguliwa, si bekapu. Ni kamari. Na ukiwa na mashine ya pole pole kwenye nyumba ambapo stima hukatika bila kubisha hodi, ni kamari ambayo utaliwa.

Najua kuna watakaoniambia, "Si uweke tu kwa mtandao?" Sawa, tupige hesabu. Tuseme intaneti yako ya nyumbani inapandisha vitu kwa kasi ya Mbps 5. GB 180 zitachukua kama saa 80. Hizo ni siku tatu na zaidi, mashine ikiwaka usiku na mchana, bila kukatika. Na nafasi ya bure ya Google ni GB 15 pekee, ambayo barua pepe zako na picha zako zinagawana. Ushauri wa kuweka kila kitu mtandaoni uliandikwa na mtu asiyenunua bando. Mtandao ni mzuri, lakini kwa vitu vichache vilivyochaguliwa.

Wengine watasema ninunue mashine mpya. Asante, nitumie doo.

Na msidhani ni shida ya sisi wa mashine za mtumba tu. Mwaka 1998 Pixar walikuwa wanatengeneza filamu ya Toy Story 2. Mtu akaingiza amri isiyofaa, kazi ikaanza kufutika mbele ya macho yao. Wakakimbilia bekapu, wakakuta haifanyi kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya nyumbani ya Galyn Susman, mmoja wa viongozi wa filamu hiyo, ambaye alikuwa amejifungua na kufanyia kazi nyumbani. Kampuni yenye pesa hizo zote iliokolewa na nakala iliyokaa pembeni.

Mimi pia niliokolewa hivyo, japo kidogo. Nitarudi hapo.

Siku hizi nafanya hivi. Kwanza natupa. Nilipochambua zile GB 184, zaidi ya nusu zilikuwa filamu nilizopakua, programu za kusakinisha, na nakala tatu tatu za video ileile. Kitu unachoweza kupakua tena hakihitaji bekapu. Kinachohitaji ni kile ambacho kikipotea hakuna mtu duniani anayeweza kukurudishia: kazi za wateja, picha za familia, vyeti, maandishi yako.

Pili, sibani video wala picha. Naziacha zilivyo, kwenye folda za kila kazi na kila mwezi. Folda mia moja ndogo zikipatwa na shida, utapoteza moja au mbili. Zipu moja kubwa ikipatwa, umepoteza zote.

Tatu, sinakili kila kitu upya. Kuna programu za bure zinazolinganisha folda mbili na kuchukua kilichobadilika tu: FreeFileSync, au robocopy ambayo imo tayari ndani ya Windows, au rsync kwa watu wa Linux. Mara ya kwanza inachukua muda. Baada ya hapo, kila Jumapili ni dakika chache, hata kwa mashine mzee. Stima zikipotea, unairudia na inaendelea na yaliyobaki.

Nne, ukitumia flashi ikakuambia faili ni kubwa sana ilhali nafasi ipo, flashi haijaharibika. Huenda imepangwa kwa FAT32, ambayo haibebi faili moja inayofika GB 4. Ipange upya kwa exFAT, lakini hamisha vilivyomo kwanza, maana kuipanga kunafuta kila kitu.

Tano, diski yangu ya pili haikai kejani. Iko kwa dadangu, mtaa mwingine. Mwizi akiingia kwangu hachagui kati ya kompyuta na diski iliyo kando yake, anabeba zote. Moto nao ni vivyo hivyo.

Na la mwisho, ambalo lingeniokoa: kila mwisho wa mwezi nachagua faili tatu ovyo ovyo kutoka kwa bekapu na kuzifungua kwa mashine ya mtu mwingine. Video naicheza mpaka mwisho. Ikicheza, nalala.

Sasa nirudi kwa yule mama. Nilienda mwenyewe, maana habari kama hiyo haisemwi kwa simu. Nikamweleza. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Tulipokuwa tumekaa, bintiye akakumbuka kwamba wiki ya ruracio nilikuwa nimemtumia kipande kidogo kwa WhatsApp, aonjeshe marafiki. Akakitafuta. Sekunde 40, picha imefifia, sauti inakwaruza. Mzee amesimama na fimbo yake, anasema jambo kuhusu mbuzi, watu wanaangua kicheko, kipande kinaisha.

Mama alikirudia mara tatu, kisha akaniomba nimwekee kwa simu yake.

Dakika kumi zilikuwa zangu kuzitunza, nikazipoteza kwa uvivu nilioupa jina la bekapu. Diski yako iko kwa droo sasa hivi. Leo jioni ichomeke, fungua faili moja, uone kama inafunguka.