Hatari Haiko Mkononi, Iko Machoni

Madereva wengi wamejipa amani kwa imani moja: simu ikishikwa mkononi ni kosa, ikipachikwa kwenye dashibodi ni usalama. Ndiyo maana aliyetozwa faini ya simu wiki hii, wiki ijayo utamkuta kwa fundi redio akifungiwa skrini ya inchi kumi, kisha anaingia barabarani akijiamini kuliko jana. Imani hiyo inaua watu.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Tafuta wimbo kwa sekunde tatu, umeshapita mita 66 bila kuona kitu. Katika barabara zetu, mita 66 zinatosha mtoto kuvuka, bodaboda kuchomoka uchochoroni, lori lililoharibika kukungoja gizani bila taa wala kiakisi. Vitufe vya zamani vidole vilivijua kwa kupapasa. Skrini ni kioo kitupu, hakina cha kupapasa. Ili uiguse sharti uitazame.

Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipima jambo hili kwenye uwanja wa ndege. Dereva akiwa kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa alipewa shughuli nne ndogondogo, kama kuwasha joto la kiti na kubadili stesheni ya redio. Ndani ya Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe, alimaliza kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Ndani ya MG Marvel R, gari jipya lenye skrini, alitumia zaidi ya sekunde 44. Hizo ni mita 1,372.

Nchini Ujerumani suala hili limefika mahakamani. Dereva wa Tesla alikuwa kwenye mvua, akataka kubadili kasi ya waipa, na waipa hizo zinarekebishwa kwenye skrini. Gari likaacha njia, likagonga kibao na miti. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya jimbo mjini Karlsruhe ilisema skrini hiyo, japo imefungwa kiwandani, ni kifaa cha elektroniki kama vingine, na kuitumia vile ni kosa. Faini ya euro 200, na mwezi mzima bila kuendesha. Hakuwa ameshika simu.

Hapa kwetu tuna letu. Redio nyingi za Android huja na waya mmoja wa kuunganishwa kwenye handibreki, na kazi yake ni kuzuia video isionekane gari likitembea. Fundi huuchukua waya huo akaupiga kwenye bodi ya gari, redio ikaamini kwamba handibreki imevutwa siku zote. Ni kazi ya dakika chache. Simlaumu fundi peke yake, kwa maana mteja ndiye anayesimama pembeni akisisitiza: "Nataka ioneshe hata nikiwa natembea." Kwa maneno mengine, analipa ili kinga aliyowekewa ikatwe, halafu anampakia mkewe na watoto.

Wapo wanaojitetea kwamba hawagusi kitu, wanaongea tu na gari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, wakiongozwa na David Strayer, walionesha mwaka 2015 kwamba akili inaweza kubaki imetekwa hadi sekunde 27 baada ya amri ya sauti kwisha.

Ramani sikatai. Ipange kabla hujaondoka, kisha uiache ikuelekeze kwa sauti.

Kwa hiyo trafiki asiishie kuuliza simu iko wapi. Aulize dereva alikuwa anatazama nini. Ukaguzi wa magari upime breki, na upime pia kama video inacheza handibreki ikiwa chini. Na wenye teksi za mtandao nao waguswe. Dereva wao huletewa ombi la safari akiwa kwenye mwendo, na sekunde za kulikubali zinahesabiwa mbele ya macho yake. Akichelewa, abiria anapewa mwingine. Kampuni inaona kwenye ramani yake kwamba gari hilo linakimbia kilomita 60 kwa saa. Inaweza kusubiri lisimame ndipo itume.